Je, umeme unaweza kufungua akili iliyojifunga?



Ndugu msomaji, kabla hujaendelea tafuta kalamu na kipande cha karatasi. Weka nukta tisa: tatu juu, tatu katikati na tatu chini, zikae kama mraba. Sasa zipitie nukta zote tisa kwa mistari minne tu iliyonyooka, bila kuinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Wape na watoto wajaribu. Ukishindwa usivunjike moyo, kwani karibu kila anayekutana na fumbo hili kwa mara ya kwanza hushindwa. Jibu tutalitoa mwishoni, insha'Allah.

Fumbo hili limeingia katika safu yetu ya afya kwa sababu ya mama mmoja aliyenisubiri nje ya msikiti baada ya darsa. Alikuwa na simu mkononi. Mdogo wake anayefanya kazi Ghuba alikuwa amemtumia picha ya mkanda wa kuvaa kichwani, wenye betri ndogo na waya mbili, pamoja na maelezo kwamba umeme mdogo unaopita ndani yake "unafungua akili". Mama huyu ana kijana anayekaribia mtihani wa kidato cha nne. Bei ya mkanda ilikuwa karibu sawa na ada ya muhula mzima.

"Ustadh," aliniambia, "nataka kujua mambo matatu. Je, ni kweli? Je, ni salama? Na je, si kosa kuchezea akili ya mtoto?" Kisha akashusha sauti na kuongeza la nne: amesikia kwamba mashine za namna hiyo zinaweza hata kumpunguzia mtu imani yake. Je, nalo hilo ni kweli?

Maswali haya ni mazito na si ya mama huyu peke yake. Vifaa hivi vinauzwa kwa njia ya intaneti, na jamaa zetu walioko nje wanaweza kuvituma kama zawadi. Kwa hiyo tuyachukue maswali yote manne, moja baada ya jingine.

UBONGO WENYEWE UNATUMIA UMEME

Watu wengi hushtuka wakisikia habari ya kuweka umeme kichwani. Lakini ubongo wa binadamu, kwa jinsi Mwenyezi Mungu (s.w.) alivyouumba, unafanya kazi kwa umeme siku zote. Ndani yake mna chembe za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86, na chembe hizo hupelekeana habari kwa mipigo midogo sana ya umeme na kwa kemikali. Unaposoma mstari huu, unapokumbuka jina la jirani au unapokasirika, mipigo hiyo inapita.

Wazo la kutumia umeme kutibu kichwa nalo si geni. Katika karne ya kwanza Miladia, tabibu wa Kirumi aitwaye Scribonius Largus aliandika kwamba mwenye maumivu ya kichwa yasiyokwisha awekewe juu ya kichwa samaki wa jamii ya taa mwenye umeme, mpaka ganzi iingie. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba nguvu ya samaki yule ni umeme.

Siku hizi zipo njia mbili zinazotajwa zaidi, na zote hazihitaji kupasua kichwa.

Njia ya kwanza ni ya sumaku. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa mji wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba koili ya waya ikishikwa juu ya kichwa na kupitishwa umeme kwa ghafla, hutoa nguvu ya sumaku inayopenya fuvu na kuziamsha chembe za ubongo zilizo chini yake. Walipoiweka juu ya sehemu inayoongoza mkono, mkono ulishtuka wenyewe. Mashine hii ni kubwa, ni ya gharama, na hukaa hospitalini au chuo kikuu.

Njia ya pili ndiyo ya mkanda wa yule mama. Vipande viwili vya sponji vilivyoloweshwa maji ya chumvi huwekwa kichwani, na betri hupitisha umeme wa miliampea 1 hadi 2 kwa dakika 10 au 20. Huo ni umeme mdogo mno: chaja ya simu inayotoa ampea moja inatoa mara 500 ya miliampea 2. Mwaka 2000 Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walichapisha utafiti ulioamsha upya hamu ya wataalamu katika njia hii. Umeme huo hauilazimishi chembe ya ubongo kufanya kazi. Unachofanya ni kuifanya iwe nyepesi au nzito zaidi kuamka. Upande mmoja wa betri huelekea kuamsha na upande wa pili huelekea kutuliza.

Tusichanganye mambo haya na ile tiba ya hospitali za magonjwa ya akili ambapo mgonjwa hulazwa usingizi na kupitishiwa umeme mkubwa hadi apate degedege. Hiyo ni tiba nyingine, yenye masharti yake.

SWALI LA KWANZA: NI KWELI?

Hapa ndipo nukta tisa zinapoingia. Katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, watafiti Richard Chi na Allan Snyder walijiuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu anashindwa fumbo jepesi kama hili. Jibu lao ni kwamba mazoea yanatufunga. Ubongo ukishaona mambo ya aina moja mara nyingi, huacha kuyatazama upya na badala yake huyatafsiri kwa haraka kwa kufuata yale uliyoyazoea. Hili ni jambo la manufaa, maana bila hivyo tungetumia saa nzima kutambua kikombe. Lakini likizidi, mtu huona kile alichokizoea tu.

Wao walidhani kwamba sehemu ya ubongo iliyo upande wa kushoto, nyuma kidogo ya panja, ina sehemu kubwa katika kushikilia mazoea, na kwamba sehemu kama hiyo ya upande wa kulia husaidia kupokea jambo jipya. Basi wakaweka sponji mbili, ya kutuliza upande wa kushoto na ya kuamsha upande wa kulia.

Mwaka 2011 waliwajaribu watu 60 kwa mafumbo ya njiti za kiberiti. Miongoni mwa waliovalishwa vifaa bila umeme halisi, asilimia 20 waliweza fumbo gumu lililohitaji kuachana na njia waliyoizoea. Miongoni mwa waliopitishiwa umeme kwa mpango huo, walioweza walikuwa asilimia 60. Mwaka 2012 wakatoa matokeo ya nukta tisa. Kabla ya umeme hakuna hata mmoja aliyeweza. Waliovalishwa vifaa bila umeme, hakuna aliyeweza. Lakini kati ya watu 33 waliopitishiwa umeme kwa dakika 10, watu 14 walilifumbua.

Matokeo hayo yalitangazwa sana, na ni tafiti za namna hii ambazo wauzaji wa mikanda hupenda kuzitaja.

Mjini London nako, mwaka 2012, Tali Sharot na wenzake walichapisha utafiti unaotugusa sisi watu wa safu ya afya moja kwa moja. Waliwauliza watu: unadhani una uwezekano gani wa kuibiwa, au wa kupatwa na ugonjwa wa kusahau uzeeni? Kisha waliwapa takwimu halisi na kuwauliza tena. Ilibainika kwamba mtu akiambiwa hatari yake ni ndogo kuliko alivyodhani, hubadilisha mawazo mara moja. Akiambiwa ni kubwa zaidi, hubadilisha kidogo tu. Habari njema inaingia na habari mbaya inabaki mlangoni. Watafiti walipotumia sumaku kutuliza kwa muda sehemu fulani ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto, upendeleo huo ulitoweka, na watu wakaanza kuzipokea habari mbaya kama wanavyopokea njema.

Ni nani kati yetu hana ndugu aliyepimwa shinikizo la damu likaonekana liko juu, naye akasema mashine ya zahanati ni mbovu? Ni nani hajamwona mvutaji wa sigara anayemtaja babu yake aliyevuta hadi miaka 90? Tabia ya kuikataa habari mbaya inawaua watu. Kwa hiyo utafiti huu si wa kudharauliwa.

LAKINI TUSIKIMBILIE DUKANI

Hata hivyo, ndugu msomaji, utafiti mmoja si hukumu. Wataalamu wenyewe wamekuja na maneno ya tahadhari, na ni haki tuyasikie.

Kwanza, tafiti nyingi za namna hii zimefanywa kwa watu wachache, mara nyingi wanafunzi wa chuo kikuu, na kwa kikao kimoja. Mwaka 2015 Jared Horvath na wenzake wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za umeme mdogo kwa watu wenye afya. Walipoyajumlisha, hawakuona athari ya kuaminika ya kikao kimoja katika kumbukumbu, lugha au uwezo mwingine wa kufikiri. Wapo wataalamu waliopinga namna walivyofanya hesabu zao, na mjadala umeendelea. Lakini kitu ambacho wataalamu bado wanabishana juu yake si kitu cha kulipia ada ya muhula.

Pili, umeme mwingi haufiki kwenye ubongo. Mwaka 2016 György Buzsáki wa New York na wenzake walieleza vipimo walivyofanya kwa maiti. Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya umeme, kiasi cha robo tatu au zaidi, hupotelea katika ngozi na fuvu. Kwa hiyo tangazo linaloonyesha umeme ukiingia ubongoni kama maji katika mpira wa bustani linapotosha.

Tatu, faida inaweza kuja na hasara. Mwaka 2013 Teresa Iuculano na Roi Cohen Kadosh wa Oxford walionyesha kwamba kuamsha sehemu moja ya ubongo kuliwasaidia watu kujifunza jambo jipya haraka, lakini kuliwapunguzia wepesi wa kulitumia kwa mazoea walilokwisha kujifunza. Walipoamsha sehemu nyingine ikawa kinyume chake. Fikiria kijana aliyehifadhi kanuni za hesabu kwa mwaka mzima, kisha asubuhi ya mtihani unamvalisha kitu kinachoweza kulegeza mazoea yake. Mazoea hayo hayo ndiyo aliyoyafanyia kazi usiku na mchana!

Nne, na hili ndilo la msingi zaidi, kulegea kwa mazoea siyo sawa na kuijua haki. Katika fumbo la nukta tisa jibu ni moja, na kila mtu akiliona analitambua. Katika maisha sivyo. Mtu aliyelegezwa anaweza kuachana na wazo bovu, na anaweza vile vile kuachana na wazo zuri. Umeme haujui lipi ni lipi. Akili iliyo wazi ni ile inayopima: inauliza ushahidi uko wapi, inasikiliza upande wa pili, na iko tayari kusema "nilikosea". Hakuna betri iliyowahi kuonyeshwa ikifanya kazi hiyo ya kupima.

SWALI LA PILI: NI SALAMA?

Katika maabara, chini ya wataalamu, umeme wa miliampea 1 hadi 2 kwa muda mfupi haujaonekana kuleta madhara makubwa kwa watu wazima wenye afya. Wengi husikia muwasho, mchomo mdogo au kichwa kuuma kidogo. Lakini nyumbani mambo hubadilika. Sponji ikikauka au ikikaa vibaya, ngozi inaweza kuungua. Ukikosea mahali au ukageuza upande wa betri, unaweza kupata kinyume cha ulichotaka. Wapo pia wanaojitengenezea kifaa kwa betri ya volti 9 na waya. Hilo ni hatari na tunalikataza kabisa.

Mwaka 2016 wataalamu wa ubongo waliandika barua ya wazi katika jarida la kitabibu kuwaonya wanaojitumia vifaa hivi nyumbani. Walieleza kwamba umeme hauathiri tu eneo lililo chini ya sponji, kwamba athari zake zinaweza kudumu kuliko mtu anavyodhani, na kwamba watu hawafanani: kinachomsaidia mmoja kinaweza kumdhuru mwingine. Aidha, walikumbusha kwamba watu wengi wanaojaribu nyumbani hutumia kifaa mara nyingi mno kuliko ilivyofanyika katika tafiti.

Watu wafuatao wasiguse kabisa vifaa hivi bila daktari: mwenye kifafa au aliyewahi kupata degedege, mwenye chuma au kifaa chochote ndani ya kichwa, mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mwenye jeraha au ugonjwa wa ngozi ya kichwa, na mama mjamzito. Kwa watoto na vijana tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu ubongo wao bado unakua. Kijana wa kidato cha nne yumo katika kundi hilo.

SWALI LA TATU: JE, NI KOSA?

Kutoa hukumu ya kisheria ni kazi ya masheikh wetu, na safu hii haitoi fatwa. Ila tunakumbusha jambo linalojulikana madrasa zote: wanazuoni, akiwemo Imam Ghazali, wamehesabu kulinda akili kuwa miongoni mwa mambo matano makuu ambayo sheria imekuja kuyahifadhi, pamoja na dini, nafsi, nasaba na mali. Kwa hiyo mwenye kumuuliza sheikh wake juu ya jambo hili amfikishie na maelezo ya kitabibu kwa ukamilifu, hasa tofauti iliyopo kati ya kutibu mgonjwa na kumjaribia mtu mzima wa afya.

Kwa maana katika kutibu, vifaa hivi vina sifa zake. Mwaka 1987 daktari Alim-Louis Benabid wa Grenoble, Ufaransa, alianza kutumia waya mwembamba unaowekwa ndani ya ubongo kwa upasuaji ili kutuliza mtetemeko, na leo njia hiyo imewasaidia wagonjwa wengi wa Parkinson duniani. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mashine ya sumaku kutibu sonona kwa watu ambao dawa hazikuwasaidia. Sonona ni ile huzuni nzito inayomfanya mtu ashindwe kula, kulala, kufanya kazi, hata kutamani kufa. Huo ni ugonjwa, si udhaifu wa imani wala si uvivu. Ukiwa na ndugu wa namna hiyo, mpeleke hospitali mapema. Daktari akikutajia tiba ya sumaku usikimbie kwa hofu. Muulize inafanywaje, mara ngapi, na madhara yake ni yapi.

SWALI LA NNE: JE, SUMAKU INAWEZA KUONDOA IMANI?

Swali hili lina chanzo chake. Mwaka 2015 Colin Holbrook wa Los Angeles na Keise Izuma wa York, pamoja na wenzao, walitangaza utafiti wa watu 38. Walituliza kwa sumaku sehemu ya juu ya katikati ya ubongo, kwa mbele, ambayo hufanya kazi kama king'ora inapotokea hatari. Kisha waliwaambia watu wafikirie kifo chao, wakawauliza juu ya imani yao kwa Mungu, malaika na pepo. Waliwasomesha pia maneno ya mhamiaji anayeikosoa Marekani. Waliotulizwa walionyesha imani pungufu kwa asilimia 32.8 katika majibu yao, na wakawa na mtazamo mwema zaidi kwa yule mhamiaji kwa asilimia 28.5. Magazeti ya dunia yakapiga kelele kwamba sumaku inaondoa imani.

Sasa tutazame kwa utulivu. Asilimia zile ni tofauti ya alama katika karatasi ya maswali, kati ya makundi mawili madogo, kwa muda ule ule. Hakuna aliyetoka katika dini yake. Mwaka 2020 watafiti walirudia jaribio kwa uangalifu zaidi. Upungufu wa imani ulionekana tena, lakini kwa wale tu waliokumbushwa kifo. Ambao hawakukumbushwa hawakuwa na tofauti. Na ile athari ya kupunguza upendeleo wa mtu kwa kundi lake haikuonekana tena. Maana yake ni kwamba waliligusa lile tetemeko la moyo ambalo mtu hulipata akikumbuka mauti, na kwa muda mfupi likatulia. Imani ya mtu ni kubwa kuliko tetemeko hilo: kuna elimu yake, ibada yake, malezi yake na maamuzi yake ya kila siku, na hayo hayakuwekwa chini ya mashine.

Aidha, mashine ile haifanyi kazi kwa siri. Lazima mtu akae kitini na koili ishikwe juu ya kichwa chake, mahali palipopimwa, kwa ridhaa yake. Haipiti ukutani wala haitumwi kwa simu. Hivyo anayewatisha watu kwamba kuna mtambo wa mbali unaowatoa Waislamu imani, hana ushahidi katika tafiti hizi. Na kuuliza ushahidi ndiyo akili iliyo wazi tunayoizungumzia.

KUFUNGUA AKILI BILA WAYA

Nilimwambia yule mama kwamba zipo njia zilizopimwa, zisizounguza ngozi wala kula ada. Nazo ni hizi.

Usingizi. Mwaka 2004 Ullrich Wagner, Jan Born na wenzao wa Lübeck, Ujerumani, waliwapa watu hesabu ndefu zilizokuwa na njia ya mkato iliyofichika. Baada ya saa nane waliwarudisha. Kati ya waliolala usiku ule, 13 kati ya 22 waliigundua njia ya mkato. Kati ya waliokaa macho, ni watano tu kati ya 22. Linganisha na ule umeme wa Sydney! Kijana anayekesha hadi alfajiri kwa vitabu na chai nzito anajinyima kitu ambacho hakuna mkanda unaoweza kumrudishia. Alale mapema baada ya Isha, aamke Alfajiri asome akili ikiwa imetulia. Na akipata nafasi ya qailula mchana, asiidharau.

Kutembea. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Stanford, Marekani, walionyesha kwamba watu hutoa mawazo mapya mengi zaidi wakitembea kuliko wakikaa. Kijana aliyekwama kwenye swali asibaki ameinamia daftari. Aende kwa miguu msikitini, arudi, ajaribu tena.

Kujiuliza kinyume. Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper wa Stanford waliwachukua wanafunzi 48, nusu wanaunga mkono adhabu ya kifo na nusu wanaipinga. Wote walisomeshwa tafiti mbili, moja ya upande huu na moja ya upande ule. Kila kundi lilisifu utafiti uliokubaliana nalo, likaukosoa ule mwingine, na mwisho likazidi kushikilia msimamo wake. Mwaka 1984 walijaribu dawa. Kuwaambia watu "kuweni waadilifu kama hakimu" hakukusaidia. Lakini walipowaambia wajiulize, "Kama utafiti huu huu ungetoa jibu la upande wa pili, ningeukubali au ningeukosoa?" upendeleo ulipungua sana. Swali hilo moja unaweza kulitumia leo hii nyumbani. Umepimwa sukari ikaonekana juu? Jiulize: kama mashine ile ile ingesema niko salama, ningeiita mbovu?

Mashauriano. Mazoea ya mtu mmoja humfunga yeye, mwenzake hana mazoea yale yale. Baba anayemuuliza mkewe na wanawe kabla ya kukata shauri anapata macho zaidi ya mawili.

Lishe. Mtoto anayekosa madini joto akili yake inaweza kudumaa tangu tumboni mwa mama yake. Nunua chumvi iliyotiwa madini joto. Mtoto mwenye upungufu wa damu au minyoo naye hapokei masomo vizuri. Apimwe.

Na mfano wa akili iliyo wazi tunao karibu. Sisi wa pwani na bara la Afrika Mashariki wengi tunafuata madhhab ya Imam Shafi'i. Imam huyu alikuwa na kauli zake alizozitoa Iraq, maarufu na zenye wafuasi. Alipohamia Misri mwaka 199 Hijria alizipitia upya, na mengi akayabadilisha, hadi leo vitabu vyetu vinataja kauli ya kale na kauli mpya. Alifariki mwaka 204 Hijria. Mwanachuoni mkubwa wa kiwango hicho hakuona haya kuyarudia aliyokwisha kuyasema. Basi iweje mmoja wetu aone haya kukiri kwamba shinikizo lake la damu liko juu?

JIBU LA FUMBO

Zipe nukta namba, kuanzia juu kushoto: 1, 2, 3, kisha 4, 5, 6, kisha 7, 8, 9. Anza kwenye 1, pita 2 na 3, lakini usisimame. Endelea nje ya mraba kwa hatua moja. Kutoka huko shuka mshazari kupitia 6 na 8 mpaka nje tena, chini ya 7. Panda wima kupitia 7 na 4 mpaka 1. Kisha shuka mshazari kupitia 5 hadi 9. Mistari ni minne na nukta zote zimepitiwa.

Umeona? Hakuna aliyekukataza kutoka nje ya mraba. Ulijikataza mwenyewe.

Yule mama alimjibu mdogo wake kwamba anamshukuru kwa nia njema, lakini asinunue mkanda. Akamwomba, kama bado ana uwezo, amnunulie kijana neti mpya ya mbu na taa ya kusomea, ili asome mapema jioni na kulala vizuri usiku. Tunamwombea kijana huyo na wenzake wote wanaoingia katika mitihani wapate mafanikio.

Wabillahi tawfiq.